Kati ya Buni na Kahawa: Zao Tunalolilima Bila Kulinywa

Muhula uliopita mwalimu mwenzetu alileta ofisini chombo ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona madukani tu. Ni birika la kioo lenye mpini na mdomo, na kifuniko chake kimetobolewa katikati. Katika tundu hilo hupita ufito wa chuma, na chini ya ufito kuna chujio la waya, la mviringo, linaloenea kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenzetu alitia kahawa iliyosagwa, akamimina maji ya moto, akangoja huku akitazama saa, kisha akausukuma ufito polepole mpaka chini. Mashapo yakabaki kwenye kitako, kahawa ikabaki juu. Harufu ikaenea ukumbini, na wenzetu wa idara za jirani wakaanza kubisha hodi, kila mmoja na kisingizio chake.

Wanafunzi wawili waliokuwa wameleta kazi zao walikaribishwa kikombe. Mmoja wao, binti aliyekulia upande wa Masaka, alinusa, akaonja, akakunja uso kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, emmwanyi ndizo zilizonilipia karo tangu darasa la kwanza. Lakini kaawa, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuinywa."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Katika kauli hiyo fupi binti alitumia majina mawili kwa kitu ambacho wengi wetu tulidhani ni kimoja. Zao aliliita kwa jina la nyumbani. Kinywaji akakiita kwa jina lililotoka mbali. Makala haya yanakusudia kuifuata tofauti hiyo. Tunaamini kwamba historia ya kahawa katika nchi zetu za Maziwa Makuu imejificha katika nafasi iliyoko kati ya majina hayo mawili, na kwamba mwalimu wa lugha ana la kusema hapo sawasawa na mwalimu wa uchumi.

Buni, mbuni na mkahawa

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Kiswahili sanifu kina buni, yaani punje za kahawa kabla hazijasagwa, na kina kahawa, ambayo kwanza ni kinywaji, ingawa siku hizi neno hilo hutumika hata kwa zao. Maneno yote mawili yametufikia kupitia Kiarabu: bunn kwa punje, na qahwa kwa kinywaji. Nalo bunn lina jamaa yake ng'ambo ya Bahari ya Shamu, kwa maana Waethiopia, ambao misitu yao ndiyo asili ya aina ya arabika, huiita kahawa buna au bunna mpaka leo.

Mti wenyewe ni mbuni, wingi wake mibuni. Hapa wanafunzi wetu hupenda kuteleza, kwa sababu mbuni ni pia ndege mkubwa asiyeruka, na mbuni ni pia mtu mwenye kubuni jambo. Tumezoea kuwapa sentensi hii: "Mibuni ilipandwa, mbuni walikimbia, wabuni wakafikiri." Mwenye kuielewa bila kusita ameshika ngeli zake vizuri.

Kuna pia neno mkahawa. Wapo wanaolitumia kwa mti, lakini wengi wetu tunalijua kwa maana ya nyumba ya kulia chakula. Tazama basi jinsi maana ilivyosafiri. Katika miji yetu mingi unaweza kuingia mkahawani, ukaagiza chapati, maharagwe na chai ya maziwa, ukashiba, ukalipa, ukaondoka bila kuiona kahawa hata kwa macho. Jina limebaki mlangoni, chenyewe hakimo ndani.

Punje iliyotafunwa

Kinyume na wanavyodhani wengi, kahawa haikuletwa Uganda na wageni. Arabika ndiyo iliyoingizwa mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini robusta, ambayo wanasayansi huiita Coffea canephora, ni mwenyeji wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi mpaka kwenye kingo za Ziwa Viktoria. Baganda waliiita emmwanyi, na Wahaya wa ng'ambo ya mpaka, Bukoba, huiita akamwani. Mwanafunzi wa kutoka pwani akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza hudhani anatajiwa mwani, yaani majani ya baharini, na ni juu ya mwalimu kumtoa katika kosa hilo taratibu.

Watu hao hawakuipika kahawa kwa kuinywa. Waliitafuna. Matunda yalichumwa yangali mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakawekwa kwa ajili ya wageni na safari. Mgeni alipofika nyumbani kwa Mganda aliletewa emmwanyi katika kikapu kidogo, kama vile mtu wa pwani anavyomletea mgeni wake tambuu. Huko Bukoba kahawa ya kutafuna ingali ikiuzwa. Habari zake zilifika Ulaya mapema: kitabu cha Richard Burton kuhusu nchi za maziwa, kilichotolewa London mwaka 1860, kiliitaja kahawa ya Karagwe kuwa ni kitu cha kutafunwa, kama alivyoelezwa na wafanyabiashara wa misafara.

Zaidi ya kuwa takrima, punje hiyo ilikuwa kiapo. Tunda la kahawa huwa na punje mbili zilizolaliana ubavu kwa ubavu. Watu wawili waliotaka kufunga omukago, yaani undugu wa kuchanjiana, walichanja ngozi karibu na kitovu, kila mmoja akapaka punje moja damu yake, kisha kila mmoja akala punje ya mwenzake. Tangu hapo walikuwa ndugu, na kumsaliti nduguyo wa omukago lilikuwa jambo la kuogofya. Kwa hiyo kabla bei yake haijajulikana katika soko lolote la dunia, punje hii ilikuwa na thamani ambayo haikupimwa kwa kilo.

Kinywaji kilichokuja na misafara

Kinywaji kilikuwa na njia yake nyingine. Masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa katika karne ya 15 ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1511 gavana wa Makka aliipiga marufuku, lakini marufuku hiyo haikudumu. Kufikia miaka ya 1550 Istanbul ilikuwa na nyumba za kahawa, London ilipata ya kwanza mwaka 1652, na mkahawa maarufu wa Procope ulifunguliwa Paris mwaka 1686.

Katika pwani yetu kahawa ilitokea Uarabuni, ikapata makao kwenye baraza za Lamu, Mombasa na Unguja. Watu wa huko hutaja bado vyombo vyake: kinu na mchi wa kuitwangia, dele au mdila wa kuichemshia, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Muuzaji hulibeba dele la shaba juu ya makaa, huku akigonganisha vikombe ili asikike kabla hajaonekana. Kahawa hiyo hunywewa tungu, bila sukari, pengine kwa tangawizi na iliki, na utamu hutafutwa katika kashata au tende. Hainywewi na mtu peke yake. Penye kahawa tungu pana mazungumzo ya siasa, mpira, vifo na ndoa.

Wafanyabiashara wa pwani walipoingia bara walikuja na lugha yao, dini yao na kahawa yao. Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suna II mwaka 1844, na Mutesa I, mrithi wa Suna, alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Kwa hiyo Waganda walikutana na kinywaji kipya kilichotengenezwa kwa punje waliyokuwa nayo siku zote. Lugha ilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa. Haikulibadilisha jina la punje, ikabaki emmwanyi. Kinywaji kikapewa jina lililokuja nacho, kahawa, na kwa kuwa Luganda haina sauti /h/, likawa kaawa. Anayezungumza Luganda leo hubeba historia yote hiyo kinywani bila kujua.

Sauti moja ni shahidi

Hebu sasa tuvuke tuingie Rwanda na Burundi. Huko zao na kinywaji vina jina moja, ikawa. Sababu yake si ngumu kuiona. Robusta haikuwa sehemu ya maisha ya kale ya milima ile kama ilivyokuwa Buganda na Buhaya. Mibuni ya arabika ilipandwa na wamisionari Wakatoliki mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza Mibirizi, kusini-magharibi ya Rwanda. Baadaye, katika miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima kuilima. Mti na jina viliingia pamoja, navyo viliingia kwa amri.

Lakini tazama sauti ya neno hilo. Mapadre wale wengi walizungumza Kifaransa, na Wabelgiji waliowafuata walitawala kwa Kifaransa. Kama jina lingetoka vinywani mwao lingekuwa na /f/, kama café ya Kifaransa, caffè ya Kiitaliano au Kaffee ya Kijerumani. Lugha za Ulaya zilipokea neno kupitia kahve ya Kituruki, ambamo /w/ ya Kiarabu ilikuwa imekwisha kugeuka /v/. Penye /w/ pana njia nyingine, nayo ni njia ya Kiarabu na Kiswahili. Msomaji mwangalifu atatukumbusha kwamba Wafaransa nao wana neno la mtaani lenye /w/, walilochukua kwa Waarabu wa Algeria. Ni kweli, ila hilo ni neno la askari na vijiwe, na ni vigumu kuamini kwamba ndilo padre alilomfundishia mkulima. Inaelekea zaidi kwamba ikawa imetokana na Kiswahili cha misafara na cha utawala wa Kijerumani, ambao ulikitumia Kiswahili katika ofisi zake mpaka ulipoondolewa mwaka 1916.

Tunaona basi mifano mitatu. Pwani ina majina mawili, yote ya kigeni, kwa sababu punje na kinywaji vyote vilitoka ng'ambo. Buganda ina majina mawili, moja la nyumbani na moja la mgeni, kwa sababu punje ilikuwepo na kinywaji kikaja. Rwanda na Burundi zina jina moja la mgeni, kwa sababu vyote viwili vililetwa kwa mkupuo mmoja. Hatujui kielelezo kizuri zaidi cha kumwonyesha mwanafunzi kwamba neno la mkopo si doa katika lugha. Ni hati ya safari, yenye mihuri ya kila mpaka.

Buni zikaondoka

Utawala wa kikoloni ulipoingia haukuwa na haja na punje za kutafuna wala za kiapo. Ulitaka buni za kuuza. Wakulima walihimizwa, na mahali pengine walilazimishwa, kupanda mibuni ili walipe kodi. Waafrika hawakukaa kimya. Wachaga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikazaa ushirika wa KNCU mwaka 1933. Wagisu wa Mlima Elgon nao wakapata ushirika wao, Bugisu Co-operative Union, mwaka 1954. Vyama hivyo vilipigania jambo moja kubwa, yaani bei ya buni. Mapambano yalikuwa ya haki, lakini uwanja wake ulikuwa umekwisha kuchorwa: sisi ni wenye buni, wengine ni wenye kahawa. Wachache walijaribu kuuvuka mstari huo, kama waanzilishi wa TANICA, kiwanda cha Bukoba kilichojengwa katika miaka ya 1960 kutengeneza kahawa ya unga ya kukorogwa.

Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ikapanda duniani kote. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima alilipwa na bodi ya serikali sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Magunia yakaanza kuvuka mpaka usiku. Chepkube, soko dogo la upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, likapata umaarufu ambao wazee wa huko hawajausahau. Ndipo neno la Kiswahili magendo lilipotia mizizi katika lugha zote za Uganda, hata Kiingereza chetu kikalipokea. Nchi ambayo ilikuwa ikikiona Kiswahili kuwa lugha ya askari na wezi ilikuwa inakitumia Kiswahili hichohicho kuelezea uchumi wake.

Baada ya hapo yalifuata mengine. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la Uganda lilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Mwaka 1993 uligunduliwa ugonjwa wa mnyauko uliokausha mibuni ya robusta kwa mamilioni. Hata hivyo wakulima walipanda tena, na katika mwaka wa fedha 2023/24 Uganda iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6, kila gunia kilo 60. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa.

Katika biashara hiyo tunda la robusta lililokaushwa na ganda lake huitwa kiboko. Neno hilo la Kiswahili limo katika orodha za bei kila msimu. Mkulima anajua bei ya kiboko asubuhi na jioni. Ukimwuliza kahawa yake ina ladha gani, wengi watakuambia kwamba hawajapata kuinywa, kwani nyumbani kuna chai.

Birika la Kifaransa na wazazi wake

Turudi kwenye chombo chetu. Mwaka 1852 Wafaransa wawili wa Paris, Mayer na Delforge, walisajili uvumbuzi wa birika lenye chujio linalosukumwa kwa ufito. Wazo lilikuwa rahisi: badala ya kuichemsha kahawa mpaka ikapoteza harufu, iache ilowe katika maji ya moto, kisha uyatenge mashapo. Tatizo lilikuwa kulifanya chujio liukumbatie ukuta wa birika bila kuacha mwanya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na mikono ya Waitalia. Attilio Calimani na Giulio Moneta wa Milan walisajili la kwao mwaka 1929. Faliero Bondanini alisajili jingine mwaka 1958, na hilo ndilo lililotengenezwa katika kiwanda cha Ufaransa na kuingia katika nyumba za watu wengi. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Bodum ya Denmark ikaanza kutengeneza la kwake na kulieneza zaidi.

Kwa hiyo birika hili lina baba Mfaransa, mama Mwitalia na mlezi Mdenmark. Wamarekani huliita la Kifaransa. Wafaransa wenyewe hawaliiti hivyo. Wao husema ni birika la pistoni. Waingereza nao hutumia neno la Kifaransa cafetière, ambalo kwa Mfaransa ni birika lolote la kahawa. Kila taifa limelitaja kwa jicho lake.

Namna tunavyoipika

Tangu siku ile tumefanya majaribio mengi, na tungependa kuwashirikisha wasomaji yale tuliyoyapata.

Kwanza, usagaji. Buni zilizokaangwa zisagwe au zitwangwe ziwe chenga, zisiwe unga. Unga hupenya chujio ukajaza kikombe matope, na huufanya ufito uwe mgumu kusukuma. Kinu cha kawaida kinafaa, mradi anayetwanga asipitilize.

Pili, kipimo. Kwa nusu lita ya maji tunatia gramu 30 hivi za kahawa. Asiye na mizani apime kwa kijiko kimoja kila mara, kisha aongeze au apunguze kwa kadiri ya ulimi wake. Mwenye kutumia robusta akumbuke kwamba ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Walimu wawili waliipuuza nasaha hii na wakasahihisha mitihani mpaka alfajiri.

Tatu, maji. Vitabu vingi huagiza yawe kati ya nyuzi 92 na 96. Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya kungoja sana baada ya kuyaepua, tofauti na ndugu zetu wa Mombasa ambao maji yao hufika 100.

Nne, subira. Mimina maji, koroga mara moja, funika bila kusukuma, ngoja dakika 4. Kisha sukuma polepole kwa uzito wa mkono tu. Ukihisi ukinzani mkubwa, inua kidogo, sukuma tena. Kioo kimewahi kupasuka mikononi mwa wenye haraka. Mwisho mimina yote vikombeni, kwa maana ikibaki birikani huzidi kuchacha kwa uchungu.

Chujio la waya halizuii mafuta ya kahawa kama linavyozuia chujio la karatasi. Ndiyo maana kahawa hii ni nzito na yenye ladha iliyojaa. Ila madaktari huonya kwamba mafuta hayo huweza kupandisha kolesteroli kwa mtu anayeinywa kwa wingi kila siku, na mwenye tatizo hilo ahadhari.

Hapa kuna jambo tulilojifunza baadaye, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Waonjaji wa kahawa, wale ambao kauli yao hupanga gunia lipi ni la daraja gani, hawatumii mashine kubwa. Hutia kahawa ya chenga katika bakuli, humimina maji ya moto, hungoja dakika chache, huonja kwa kijiko. Ni kuloweka tu, sawasawa na birika letu. Maana yake ni kwamba mkulima mwenye kikaango, kinu, maji ya moto na birika la aina hii, au hata bakuli na kitambaa safi, anaweza kuonja anachokiuza karibu kama mnunuzi anavyokionja. Ataitambua ladha ya tunda lililochumwa bichi na ya tunda lililokaushwa ardhini likashika ukungu. Atajua anapoambiwa kweli na anapopunjwa. Asiyeijua ladha ya kitu chake hulazimika kumwamini anayekuja kukinunua.

Tuliite nini?

Mkutano wetu wa idara ulitumia nusu saa kulijadili jina. Birika la Kifaransa lilipendekezwa kwanza, likapingwa kwa sababu tulizokwisha kuzitaja. Birika la kukamua lilipata wafuasi, lakini wengine walisema kukamua ni kutoa kilichomo kwa kubana, kama chungwa au ng'ombe, na kahawa haikamuliwi. Ukiibana mashapo yake hutoa uchungu. Mwenzetu mmoja mwenye asili ya pwani alitaka dele la chujio, ili neno la zamani lipate kazi mpya. Wengi wakaona kwamba dele bila makaa wala shaba litamchanganya mwenye kulijua.

Mwishowe tulikubaliana kwa muda na birika la kusukuma. Jina hilo linaeleza kinachofanyika, na fundi wa Katwe na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wataelewa bila maelezo. Ni pendekezo tu. Maneno hayaamuliwi mkutanoni. Huamuliwa jikoni na dukani, na sisi walimu huja baadaye na kalamu zetu.

Hitimisho

Binti wa Masaka alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa amekwenda nyumbani mwisho wa juma na kuazima birika letu. Bibi yake alizikaanga emmwanyi katika kikaango cha karanga, akazitwanga, na mjukuu akaipika kaawa mbele ya wote. Bibi alionja akasema kwamba ni chungu, kisha akaomba kikombe cha pili. Baba alikinywa kimya. Halafu akauliza swali ambalo binti alituletea kama lilivyo: "Kikombe hiki kimoja, huko kinakouzwa, kinauzwa shilingi ngapi?"

Hatukuwa na jibu moja la kumpa, kwa sababu bei hutofautiana kwa mji na mji. Lakini swali lenyewe ni zuri, na tunadhani ni la kihistoria. Kwa zaidi ya miaka 100 tumeuliza bei ya buni. Ni mara chache tumeuliza bei ya kahawa. Kati ya maneno hayo mawili yamekaa meli, viwanda, mikahawa na faida karibu yote. Lugha zetu zilikwisha kuiweka tofauti hiyo wazi. Sisi ndio tuliokuwa hatuisikii.

Tunawaomba wasomaji wetu watuandikie majina ya kahawa katika lugha zao: la mti, la tunda, la punje, la kinywaji na la vyombo vyake. Kila mwanafunzi anayetoka katika jamii inayolima kahawa na aanze kwa kuwauliza wazee wa nyumbani. Na kabla ya kuwauliza, awapikie kikombe kwanza.